Maji Mema na Kipimo Chake

1. Maji yasiyojitangaza

Msafiri atokaye Babati kwenda Singida huuona mlima Hanang tangu mbali, umesimama peke yake juu ya nyanda, na kilele chake kimepita mita 3,400. Mlima huo uliumbwa na moto uliotoka chini ya ardhi zamani sana, nao sasa umepoa. Miguuni pake uko mji wa Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang. Kaskazini yake, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ipo nchi ya juu ya Mbulu, yenye baridi na vilima vingi. Huko Wairaqw hulima mahindi, maharage na vitunguu saumu. Wadatoga huchunga ng'ombe katika nyanda. Na katika bonde la Yaeda wako Wahadzabe, ambao tangu kale waliishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali.

Watu hawa, ijapokuwa lugha zao si moja wala kazi zao si moja, wana haja moja isiyokwisha, nayo ni maji. Wengine huyateka katika chemchemi, wengine mitoni, wengine katika lambo wanamonywa ng'ombe, na wengine katika visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Lakini kuyapata maji ni jambo moja, na kuyajua ni jambo jingine.

Maji yenye matope hujitangaza yenyewe, na kila mtu huyatambua. Maji yenye vijidudu vya ugonjwa hayajitangazi, ila moto huyashinda. Mama akiyachemsha sawasawa, watoto wake hunywa salama. Lakini kuna kitu cha tatu kisichoonekana kwa macho wala kusikika puani, na moto hauwezi kukiondoa. Kitu hicho huitwa floraidi. Mtu akichemsha maji yenye floraidi, maji hupungua kwa kuwa mvuke, na floraidi hubaki yote chunguni. Basi maji yaliyosalia huwa na ukali uliozidi kidogo kuliko hapo kwanza.

2. Floraidi hutoka wapi

Floraidi hutoka katika mawe. Mvua inaponyesha, maji huingia ardhini polepole, hupita katika nyufa za miamba, na mengine hukaa humo miaka mingi. Katika safari hiyo huyeyusha madini ya mawe na kuyachukua, kama vile maji ya moto yanavyochukua rangi ya majani ya chai. Mawe yaliyotoka katika milima ya moto aghalabu yana floraidi nyingi, na Bonde la Ufa limejaa mawe ya namna hiyo. Kwa hiyo mkoa wa Manyara, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Singida, Shinyanga na Mara, ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania inayojulikana kwa maji yenye floraidi.

Tena iko sababu ya pili. Maji yenye chokaa nyingi hayawezi kushika floraidi nyingi, kwa kuwa chokaa na floraidi hushikamana zikawa jiwe, na jiwe hilo hutua chini. Lakini katika nchi za milima ya moto maji mengi yana magadi kuliko chokaa. Basi floraidi hukosa cha kuishika, ikabaki ndani ya maji. Nayo maziwa yasiyo na mto wa kutokea, kama Balangida lililo karibu na mlima Hanang, hupoteza maji yake kwa jua tu. Maji hupaa, na chumvi zote huachwa nyuma, mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba maji yote ya nchi hizo ni mabaya. Ardhi haifanani kila mahali. Kisima kimoja chaweza kuwa na maji mema, na kingine, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kikawa na floraidi nyingi. Maji ya mvua, yakitekwa juu ya bati safi, hayana floraidi ila kidogo sana. Kwa sababu hiyo hakuna mtu awezaye kuyahukumu maji kwa kuyatazama au kwa kuyaonja. Hayana budi kupimwa.

3. Kidogo ni dawa, kingi ni madhara

Floraidi si sumu kwa kila kiasi. Ikiwa kidogo, huyapa meno nguvu yasioze upesi. Ikizidi, huyaharibu. Meno ya mtoto hujengwa ndani ya ufizi kabla hayajatoka, na kazi hiyo huendelea tangu utoto mchanga hata kufikia umri wa miaka 8 hivi. Mtoto anywaye floraidi nyingi katika miaka hiyo huota meno yenye mabaka meupe, kisha ya kahawia, na mengine huwa na vishimo. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa, kwa maana hayako juu ya jino, yamo ndani yake. Basi si haki kumcheka mtu mwenye meno hayo na kumwita mchafu. Hakuwa mvivu wa kusafisha kinywa; alikunywa maji ya kwao.

Ikizidi zaidi, na mtu akainywa miaka mingi, floraidi huingia mifupani. Viungo hukakamaa, mgongo hupinda, na watoto wengine hupinda miguu. Ugonjwa huo ukisha kuingia mifupani, kuuponya ni kazi kubwa sana. Dawa yake ya kweli ni kuuzuia usianze.

Wataalamu huipima floraidi kwa miligramu katika lita moja ya maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, yaani miligramu 1,000,000. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1984, lilisema kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita. Hapo mwanafunzi ataona jinsi kitu kidogo kinavyoweza kutenda jambo kubwa: sehemu moja na nusu tu katika sehemu milioni.

4. Kwa nini nchi iliweka kipimo cha 8

Baada ya uhuru, Serikali ya Tanzania ilitaka kuwaondolea wanavijiji shida ya maji. Mwaka 1971 ilianza mpango wa miaka 20, kwa nia kwamba kufikia mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji ya kufaa kwa mwendo usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Visima vingi vikachimbwa. Lakini katika mikoa ya milima ya moto mafundi waliona kwamba maji ya visima vingi yalikuwa na floraidi kupita kiasi kilichopendekezwa na wataalamu wa ulimwengu.

Serikali ilikuwa mbele ya njia mbili, na kila moja ilikuwa na mwiba wake. Ikiwa ingefuata kipimo kikali, ingalilazimika kuvifunga visima vingi ambavyo watu walikuwa wamevingojea kwa hamu, wala haikuwa na maji mengine ya kuwapa. Ikiwa isingeweka kipimo chochote, hata maji ya kupinda mifupa yangenywewa bila onyo. Basi mwaka 1974 iliweka kipimo cha muda kwa maji ya vijijini: floraidi isizidi miligramu 8 katika lita.

Kipimo hicho kilikuwa zaidi ya mara tano ya kile cha Shirika la Afya Duniani. Mtu mzima anywaye lita 2 kwa siku katika maji ya miligramu 1.5 humeza miligramu 3 za floraidi. Katika maji ya miligramu 8 humeza 16. Hakuna aliyesema kwamba 8 ni njema kwa meno ya watoto. Ilikuwa namba ya mtu aliyebanwa, achaguaye dhara dogo ili aliepuke kubwa. Ndiyo maana iliitwa ya muda.

5. Mizani ya kijiji

Ili jambo hili lieleweke, na ufikiriwe mfano wa kijiji kilicho mbali na chemchemi. Kisima chake kimepimwa, kikaonekana kina miligramu 5. Mkaguzi aishikaye sheria kwa mkono mmoja tu atasema, "Fungeni kisima." Atatia kufuli, ataandika taarifa yake, na ataondoka akidhani amewaokoa watu.

Lakini kiu haifungwi kwa kufuli. Kesho yake akina mama watakwenda lamboni. Maji ya lambo huenda hayana floraidi nyingi, ila yana mavi ya ng'ombe na vijidudu, na mtoto mchanga akishikwa na kuhara aweza kufa kwa siku chache. Floraidi hudhuru kwa miaka. Maji machafu huua kwa siku. Basi mkaguzi huyo amewatoa watu katika dhara la polepole akawatia katika dhara la haraka.

Mwanakijiji naye aweza kukosea kwa upande wa pili. Atasema, "Babu zetu walikunywa maji haya, nasi tumeyanywa. Kipimo ni maneno ya watu wa mjini." Lakini mtoto wake mwenye umri wa miaka 3 hawezi kujisemea, wala hawezi kuchagua kisima. Kosa la wakubwa litaandikwa katika meno yake naye atalichukua maisha yake yote.

Mwenye busara hutazama pande zote mbili, akauliza swali lingine: maji haya ni ya kazi gani? Mtu hahitaji ila lita chache kwa siku za kunywa na kupikia, bali kufua, kuoga na kujenga huhitaji maji mengi zaidi. Floraidi hudhuru kwa kumezwa. Haidhuru kwa kufulia nguo. Basi kisima kile chaweza kubaki wazi kwa kufua, kuoga na kujenga, kikawekwa alama iliyo wazi, na maji ya kunywa yakatafutwa kwa njia nyingine. Kupata lita chache zilizo njema kwa kila mtu ni kazi nyepesi kuliko kuyasafisha maji yote ya kijiji.

Jambo moja zaidi lafaa kukumbukwa jikoni. Watu wengi wa kaskazini hutia magadi katika makande ili mahindi na maharage yaive upesi. Magadi mengine yana floraidi nyingi. Nyumba yaweza kuwa na maji mema, na watoto wakapata madoa ya meno kwa sababu ya chungu.

6. Njia za kuipunguza

Njia ya kwanza ni mvua. Shule yenye paa kubwa la bati, mifereji na tangi laweza kuweka maji ya kunywa ya watoto kwa miezi mingi, mradi mvua ya kwanza iachwe isafishe paa, na tangi lifunikwe.

Njia ya pili hutumia mifupa. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, Wizara ya Maji imejaribu kwa miaka mingi njia za kuondoa floraidi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru yenye hewa haba, kisha hupondwa kuwa chembe kama mchanga, na maji hupitishwa humo. Floraidi hupenda kushikamana na mifupa. Ndiyo maana huidhuru mifupa ya mtu. Hapa tabia yake mbaya hugeuzwa kuwa msaada, kwa kuwa hunaswa katika mifupa ya ng'ombe kabla haijafika katika mifupa ya mtoto. Lakini mifupa isipochomwa vema, maji hunuka, na watu huyakataa. Tena baada ya muda chembe hizo hujaa floraidi, hazinasi tena, nazo hazina budi kubadilishwa. Wako pia wasiopenda kunywa maji yaliyopita katika mifupa ya mnyama wasiyemjua alichinjwaje. Neno lao lafaa kusikilizwa, kwa maana chujio lisilotumiwa halimsaidii mtu.

Njia ya tatu hutoka Uhindi, nayo huitwa kwa jina la mji wa Nalgonda. Shabu na chokaa hutiwa majini kwa kipimo, maji hukorogwa, na uchafu hutua chini pamoja na floraidi. Njia hii yahitaji mkono mwangalifu kila siku, kwa sababu shabu ikizidi au ikipungua kazi huharibika.

7. Mfanyabiashara ni adui au msaidizi?

Wengine hudhani kwamba sheria ya maji na biashara ni kama paka na panya. Si lazima iwe hivyo. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali katika Karatu, nchi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Wahandisi cha Uingereza. Alikuwa mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha. Alitengeneza chujio liitwalo NanoFilter, lenye mchanga pamoja na vitu vidogo mno vilivyoundwa kunasa uchafu wa mahali maji yanapotoka, na floraidi ikiwa mojawapo. Wafanyabiashara wadogo walipata machujio hayo ili wawauzie majirani maji yaliyosafishwa. Hapo faida ya muuzaji na afya ya mnunuzi zilitembea njia moja.

Lakini auzaye maji ya kunywa ana wajibu mzito, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuona alichonunua. Mnunuzi wa kitambaa hukishika. Mnunuzi wa maji humwamini muuzaji. Kwa hiyo maji ya chupa hupasa kupimwa na kupata alama ya Shirika la Viwango Tanzania. Walakini ada na masharti yapimwe nayo. Mchuuzi mwenye punda na madumu manne, akitozwa zaidi ya faida yake, hataacha kuuza. Atauza kwa siri, na maji yake hayatapimwa kamwe.

Mkulima naye yumo katika habari hii. Mkulima wa vitunguu saumu hupenda kulima karibu na mto, ambako kumwagilia ni rahisi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru mto au ziwa, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa sababu udongo na dawa za wadudu huoshwa na mvua zikaingia majini, na walio chini wakayanywa. Sheria hiyo ni njema. Lakini yule ambaye shamba lake lote limo ndani ya mita 60 huambiwa aache chakula cha watoto wake. Akionyeshwa jinsi ya kuyafikisha maji kwenye shamba la mbali zaidi kwa bomba au mfereji, na akiruhusiwa kukata majani ya ng'ombe katika ukingo alioupanda, huwa mlinzi wa mto. Akifukuzwa tu, hurudi usiku.

8. Namba iliyoshuka

Kipimo cha 8 hakikukaa milele. Kadiri nchi ilivyopata maarifa na njia, namba ilishushwa. Kiwango cha Tanzania cha mwaka 2008 kilisema floraidi isizidi miligramu 4 katika lita. Mwaka 2018 kiwango kipya, sawa na kile cha nchi za Afrika ya Mashariki, kilifika 1.5, namba ile ile ya Shirika la Afya Duniani.

Kushusha namba katika karatasi ni kazi ya siku moja. Kuishusha katika ndoo ni kazi ya miaka. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, uitwao RUWASA kwa kifupi, na vijijini jumuiya za watumiaji maji huchagua viongozi, hukusanya fedha ya maji na hutengeneza mabomba. Hapo ndipo namba hupata miguu. Fedha ya ndoo isipolipwa, pampu hufa. Fedha ikiliwa na mtunza hazina, watu huacha kulipa. Na pampu ikifa, wote hurudi lamboni, na kipimo cha 1.5 huwa neno tupu.

Basi kanuni ya maji yafanana na mzigo wa punda. Mzigo ukiwa mdogo mno, safari haina faida; ukizidi nguvu zake, punda hulala njiani na mzigo haufiki. Mwenye punda mwema humwongezea mzigo kadiri anavyopata nguvu, wala hasahau kule anakokwenda. Nchi iliyosema 8 mwaka 1974 ilikuwa na haki ya kuanza hapo kwa kuwa ilikuwa na nguvu chache. Isingekuwa na haki ya kukaa hapo. Na meno meupe ya mtoto wa Katesh au wa Mbulu ndiyo yatakayoonyesha kama mzigo umefika.